Mke wa Mistari Michache

Ijumaa, alasiri. Kamembe. Mvua ya asubuhi imekatika lakini mabati bado yanadondosha.

Msonyo.

Sauti ninayoikumbuka ni hiyo tu. Msonyo mmoja, mrefu, uliotoka nyuma ya kichwa changu jana nikiwa nimekaa saluni, na tangu hapo haujaniacha. Nimelala nao, nimeamka nao. Na si kwa huzuni. Moyo unanidunda kama wa mwanafunzi anayesikia jina lake likisomwa siku ya matokeo.

Niandike kwa utaratibu kabla sijachanganyikiwa.

Kwa wasionijua: ninafundisha Kifaransa sekondari, nilizaliwa hapa Kamembe na wazazi waliotoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kesho ilikuwa siku ya posa yangu. Ukoo wa Fabrice ungeteremka kutoka Mururu na vikapu na vinywaji, mashangazi wamejifunga mishanana yao, zile nguo za sherehe za kufungwa begani, nasi tungewapokea chini ya hema uani kwetu. Fabrice ni mhandisi wa barabara. Huvuka daraja kila Jumatatu kwenda kazini Bukavu, hurudi Ijumaa na vumbi kwenye nyusi. Hayo nimeyaandika hapa kwenye blogu mara nyingi, na wengi wenu mlinipongeza.

Ambacho sijawahi kukiandika ni kwamba Fabrice alikuwa na mwanamke ng'ambo.

Aliniambia mwenyewe. Hakukamatwa, sikupekua simu yake, wala hakuna jirani aliyekuja kuninong'oneza. Mvua za kwanza zilikuwa zinaanza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani kwetu akasema mwanamke anaitwa Nadège, kwamba yamekwisha, na kwamba yeye si mtu yule tena. Alilia. Mimi sikulia. Nilimuuliza maswali, moja baada ya jingine, kwa mpangilio, kama mtu anayesahihisha mtihani.

Siku chache baadaye akanitumia hadithi kwenye simu. Hadithi fupi ya Kirusi, ya zamani, iliyotafsiriwa kwa Kifaransa. Chini yake aliandika: Soma hii, utanielewa. Mwanaume anaweza kubadilika.

Fabrice huyu! Mtu ambaye sijawahi kumwona na kitabu kisicho na michoro ya madaraja. Nilipaswa kushangaa. Sikushangaa, nilitekwa.

Hadithi yenyewe inamhusu mwanaume mwenye mke na watoto, aliyezoea kumdanganya mkewe. Wanawake wa nje kwake ni kama likizo: huja, huisha, husahaulika. Anakwenda kupumzika kwenye mji wa pwani, na huko anakutana na mwanamke kijana ambaye naye ana mume. Yanatokea yanayotokea. Kisha anarudi kwake, kwenye baridi na theluji, akingoja kusahau kama kawaida. Hasahau. Polepole, bila kupenda, mtu huyu mwepesi anaanza kuwa mzito. Anapenda kwa mara ya kwanza maishani, na kichwa kimeshaanza mvi. Mwandishi hamwadhibu na wala hampi zawadi. Anamwacha njiani, sehemu ngumu ikiwa bado iko mbele.

Niliisoma hadithi hiyo kama vile niliandikiwa mimi. Mwanaume aliyebadilika ni Fabrice. Mwanamke aliyembadilisha ni mimi. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo. Niliisoma kitandani, niliisoma chumba cha walimu, niliisoma wanafunzi wakifanya zoezi, na kila nilipofika mwisho nilijiambia: Aline, umesamehe vizuri.

Jana basi niliomba ruhusa shuleni nikaenda kusukwa kwa ajili ya posa.

Anayenisuka ni Maman Zawadi, mwenyeji wa Bukavu anayevuka kila asubuhi kuja kufungua saluni yake karibu na soko. Ndani alikuwemo pia Mama Mwajuma, muuza vitenge, jirani yetu wa tangu zamani, akingoja zamu yake. Pazia la mlango lilikuwa limeshushwa, kwa hiyo alikuwa amevua mtandio akaukunja mapajani. Umeme ulikatika mapema. Televisheni ndogo iliyo juu ya kabati ikazimika, na ule mchezo wao wa kila siku ukakatikia mahali pabaya.

Maman Zawadi hapendi kimya.

"Weye mwalimu," akasema, "kila saa unasomaka mu iyo telefone. Inasema nini? Utuelezee, tusikufe na kimya."

Nikawasomea. Nilikuwa naona Kifaransa kwa macho, kinywani kinatoka Kiswahili, kichwa kimeinamishwa mbele hata siwezi kugeuka. Nilifurahi sana. Nilitaka wasikie jinsi mwanaume anavyobadilika. Nilitaka, niseme ukweli, mashahidi.

Nikafika kwa mke. Kwenye hadithi ile mke amepewa mistari michache tu. Anasoma sana. Anajiona ana akili. Mumewe anamwogopa na hapendi kukaa nyumbani. Basi. Mwandishi anasonga mbele, bahari inamngoja.

Hapo ndipo ulipotoka msonyo.

Mikono ikasimama kichwani mwangu.

"Na huyu bibi?" Maman Zawadi akauliza. Kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "ndiyo" ni "njo". "Njo amekwisha?"

"Amekwisha vipi?"

"Njo vile tu? Muntu anazala batoto, anachunga nyumba, banamupatia maneno mbili, kwisha?"

Nikamweleza kwa sauti yangu ya darasani kwamba hadithi haimhusu mke, inahusu mapenzi ya kweli, na mke yupo ili tuelewe kwa nini mwanaume...

"Ya kweli!" Msonyo wa pili, mfupi. "Bwana akishapata mwingine, ile ya mwingine njo inakuwaka ya kweli. Ya nyumba inakuwaka ya kupika."

Mama Mwajuma alikuwa anacheka mpaka kiti kinalia. "Huyo Mrusi shida yake ndogo sana," akasema. "Angekwenda kwa mkewe akasema wazi, akaoa wa pili kwa heshima, kila mtu akajua zamu yake. Hadithi ingekwisha ukurasa wa pili."

"Weye Mama Mwajuma! Bwana yako akileta wa pili, utakubali?"

"Alete! Tutapatana naye siku hiyohiyo. Jioni bwana akirudi atukute wawili ndani, tumemfungia mlango."

Tulicheka sote. Mimi nilicheka kwa machozi kwa sababu nywele zilikuwa zinavutwa.

Nikaendelea kusoma mpaka mwisho. Na mwishoni, ajabu, hakuna aliyecheka. Mama Mwajuma alijifuta jicho kwa ncha ya mtandio, akasema wanamtia huruma wote wawili, wamechelewa kukutana. Maman Zawadi alichukua fungu jingine la meshi, nywele za kuunganishia, akalichambua, akasema, "Amebadirika kweli, ule bwana. Ile siwezi kukatala. Inaonekana." Kisha akaanza kuulizia bei ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni, na kwao hadithi ikawa imekwisha.

Mimi nilibaki humo.

Nilibaki na lile neno, amebadilika kweli, na ule msonyo, vinagongana kichwani. Ndiyo, amebadilika. Hakuna mahali mwandishi anasema uongo. Lakini nyumbani kwake kumebadilika nini? Hakuna. Mke anaamka, anasoma vitabu vyake, anampitishia mumewe chai. Anayekaa mbele yake mezani amekuwa mtu mwingine kabisa, na yeye hatajua, maana hakubadilikia kwake. Alibadilikia kwingine. Mtu anaweza kubadilika kweli kabisa na wewe usiwe sababu.

Na mke yule anasoma sana.

Mungu wangu. Katika maisha ya Fabrice, ni nani anayesoma sana? Nani anayejiona ana akili? Nani aliyemsikiliza mtu akilia, naye akamuuliza maswali kwa mpangilio?

Mimi ndiye mke.

Miezi yote hii nimesoma hadithi ile nikitembea ufukweni, kumbe mahali pangu ni kwenye ile mistari michache.

Najua mngetarajia niseme niliumia. Maumivu yalikuja, nitayafikia. Lakini kitu cha kwanza, naapa, kilikuwa joto lililopanda kutoka miguuni. Furaha ya kuona. Kama pale shairi ambalo umelifundisha miaka na miaka linafunguka mbele yako darasani, unasimama na chaki mkononi huku wanafunzi wanakutazama. Nilitaka kusimama. Nilitaka kukimbia.

"Maman Zawadi, harakisha, nina mahali pa kwenda."

"Wapi? Upande moja bado! Utaenda kama mwendawazimu?"

Ikabidi nikae. Hakuna mwanamke wa mji huu anayeweza kwenda kumuuliza mwanaume swali la maisha yake na nusu ya kichwa. Nikakaa, swali likinichoma, wao wawili wakijadili sambaza, mikono ya Maman Zawadi ikitembea taratibu kama ya mtu mwenye umri wote wa dunia.

Swali lenyewe lilikuwa moja tu. Kesho, chini ya hema, wazee wa koo mbili wangepeana neno, na neno la wazee likishapeanwa si la msichana tena kulirudisha. Kwa hiyo swali lilikuwa la kuulizwa jana, au lisiulizwe kabisa.

Nikiri kitu hapa. Kati ya msuko na msuko nilijiambia mara kadhaa: usiulize. Nani atajua? Fabrice ni mtu mwema. Halewi, hapigi, anawaheshimu mama yangu na baba yangu mdogo, na ananiletea maparachichi ya kwao bila kuombwa. Wanawake wangapi wameolewa na wanaume waliobadilikia kwingine, wakaishi, wakazeeka, wakazikwa kwa heshima? Nampenda. Ningeweza kunyamaza. Ningekuwa na nyumba nzuri yenye rafu za vitabu.

Rafu za vitabu! Nilipoziona rafu hizo akilini, nikamwona na yule mke amesimama mbele yazo.

Kichwa kilipokamilika nilimpigia Fabrice, aliyekuwa amechukua likizo wiki hii kwa ajili ya posa. Tulikutana barabara ya kushuka ziwani, kwenye kona ambapo unaiona Bukavu yote imekaa upande wa pili, nyumba juu ya nyumba. Fabrice alikuja anatabasamu. Akazisifu nywele. Alikuwa amebeba sampuli ya kitambaa cha kupamba viti, rangi ya dhahabu, anataka maoni yangu.

Nikamuuliza, "Ile hadithi, ni nani aliyekupa?"

Angeweza kudanganya. Lile jibu la uongo lilikuwa jepesi: niliiona kwenye mtandao. Aliangalia kitambaa, akaangalia ng'ambo.

"Nadège."

"Uliisoma mpaka mwisho?"

"Alinisomea yeye," akasema. "Kwa sauti."

Sitaandika nilivyojisikia. Nitaandika tu kwamba palikuwa na ukuta wa mawe nikaushika.

"Sasa mimi ulinitumia ya nini?"

Aliniwekea kitambaa mkononi. "Nilitaka ujue nimekuwa nani," akasema. "Mimi sina maneno, Aline. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayo."

"Na ulimwacha kweli?"

"Nilimwacha. Sikukudanganya."

"Najua. Tangu umwache, umepata usingizi?"

Sikuhitaji jibu. Nilikuwa nayaona macho yake, na nyuma yake ule mji.

Nikamwambia sitaki kuwa nyumba ambayo mtu hapendi kukaa. Akasema haraka kwamba si hivyo, kwamba ananiheshimu. Nikamuuliza, "Unaniogopa?" Akasema hapana. Kisha akacheka, machozi yakimtoka, akasema, "Kidogo." Nami nikacheka, na hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu mvua zile za kwanza. Tulilia pale kando ya barabara kama watu waliofiwa na mtu mmoja. Wapitanjia wakatupisha.

Aliponiuliza, "Na wazee? Na hema?" nikamwambia, "Wazee niachie mimi." Kitambaa cha dhahabu alikisahau mkononi mwangu. Ninacho hapa mezani.

Sasa leo asubuhi.

Tangu Papa afariki, mzee wetu ni baba yangu mdogo, Selestini, na kesho yeye ndiye angekuwa msemaji wetu. Wasomaji wa mbali hawajui posa za huku, niwaeleze. Wageni hawaombi binti wakapewa. Msemaji wao anaomba kwa maneno matamu, na msemaji wa kwetu kazi yake ya kwanza ni kukataa. Anakana kwamba binti yupo. Anadai ameshaolewa, amehama, wageni wamepotea njia. Wageni wanabembeleza, wanaongeza ahadi, uwanja mzima unakufa kwa kicheko. Kadiri anavyokataa vizuri ndivyo anavyosifiwa. Baba mdogo amekuwa akinoa maneno yake ya kukataa tangu tarehe ipangwe. Nilimkuta mbele ya kioo cha sebuleni, tai shingoni, fulana ya ndani chini yake.

"Binti mnayemtaja hapa hatumjui," alikuwa anakiambia kioo. "Labda mlikuwa mnaenda Bugarama, mkateremka mapema."

Nikamwita Maman, mama yangu, kutoka jikoni. Nikawaambia wote wawili, wamesimama. Nilisema yote, hata Nadège, hata hadithi.

Maman hakupiga kelele. Alikwenda dirishani akaanza kushusha mapazia aliyoazima kwa jirani. "Ungesema kabla sijaazima," akasema kwa hasira, akiyakunja kona kwa kona, polepole, kama yana mtoto ndani.

Baba mdogo alikaa chini na tai yake. "Fabrice anajua?"

"Anajua, Baba mdogo. Hatukugombana."

"Basi nimpigie Mzee Gaspari." Huyo ndiye msemaji wao, mzee wa Mururu, bingwa wa posa mkoa mzima. Baba mdogo aliweka simu mezani, sauti nje, akakohoa.

"Mzee Gaspari, jambo. Sikia. Hapa kwetu hakuna tena binti wa kuposwa."

Kicheko kikajaa sebule. "Selestini! Posa ni kesho, weye unaanza leo! Hauna haya?"

"Nasema kweli. Kesho musije."

"Tutakuja tu! Tumesikia muko na ua moja, harufu yake inafika mpaka Mururu!"

Nilimwona Baba mdogo. Naapa nilimwona akipigana na ulimi wake, akashindwa.

"Ua lenyewe lililiwa na mbuzi," akasema.

Akajiziba mdomo. Lakini lilikuwa limeshatoka, na upande wa pili Mzee Gaspari alikuwa anapiga meza. "Basi huyo mbuzi tutamuposa naye! Na tunaongeza ng'ombe, pembe zake zitashindwa kuingia mu mlango yenu!"

Baba mdogo alinigeukia na uso wa mtoto aliyevunja kikombe. "Haniamini," akanong'ona. "Nimwambie nini?"

Na kweli, amwambie nini? Kila neno la kukataa tulilo nalo tumeligawia mchezo. Kwa ajili ya kukataa kweli hatukubakiza hata moja. Angesema nimekufa, Mzee Gaspari angeahidi kunifufua kwa ng'ombe wa pili.

Nikaelewa kitu kingine. Katika posa kila mtu husema, isipokuwa binti. Yeye amefichwa chumba cha ndani, anasikiliza kupitia ukuta, mpaka aitwe atoke akitabasamu. Mistari michache huanzia hapo. Huanzia nyumbani kwenu, siku unayopendeza kuliko zote.

Nikanyoosha mkono nikachukua simu.

"Jambo Mzee Gaspari. Ni Aline."

Kicheko kikakatika. Kuku alisikika huko Mururu.

"Aline?" akasema. "Mwanangu, binti hasemi."

"Ndiyo maana nasema leo, Mzee. Kesho nisingeruhusiwa."

"Unacheza?"

"Sichezi. Baba mdogo pia hakuwa anacheza, ila kwa ile ya mbuzi. Fabrice anajua, tumeongea jana, hatuna ugomvi. Kesho msije. Nawaomba msamaha mashangazi kwa vikapu walivyokwisha kupanga."

Nilisikia pumzi yake ikiingia na kutoka. Maman alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu na mapazia kifuani. Hakunigusa, lakini alisimama karibu hata nikasikia harufu ya moshi wa jikoni kwenye kitenge chake.

"Ni neno la mwisho?"

"La mwisho, Mzee."

"Basi nimesikia." Kisha akaita, "Selestini?"

"Niko hapa."

"Ile ya mbuzi ilikuwa nzuri."

"Asante," akasema Baba mdogo, akilegeza tai yake.

Simu ikakatika. Nikakaa sakafuni, nikacheka. Maman akasema nimerukwa na akili. Labda.

Tangu hapo nimekuwa hivi: sikai, sisimami. Naandika mstari, naenda dirishani, narudi. Ninaogopa Jumatatu, chumba cha walimu, na yule atakayeniuliza kwa huruma tamu. Ninamhofia Fabrice akiwa peke yake darajani. Labda atavuka aende kwa Nadège, labda Nadège ameshafunga mlango, sehemu yao ngumu ni yao. Simchukii mwanamke yule. Mtu anayemsomea mhandisi hadithi kwa sauti mpaka mwisho! Tungekutana kwingine ningemwazima vitabu.

Na mimi je, nimebadilika? Yule mwanaume wa Kirusi alibadilishwa na bahari na mapenzi na theluji. Mimi nilibadilishwa na msonyo wa mwanamke mwenye meshi mkononi. Sijui kama inahesabika. Ninachojua ni kwamba jana asubuhi niliingia saluni nikiwa mtu anayesoma maisha yake kutoka chumba cha ndani, na leo...

Honi. Nimeacha kuandika nikatoka. Nimerudi sasa hivi, nimeloa mabega kwa matone ya mabati.

Walikuwa wenye hema. Katika wote tuliowapigia simu, tuliwasahau wao. Gari limesimama mbele ya uzio wetu, mabomba yametokeza nyuma, vijana wawili wameshaanza kulegeza kamba. Baba mdogo aliinuka, Maman akainuka. Nikawaambia niacheni, nikatoka peke yangu na kichwa changu kipya, misuko ikinigonga mgongoni. Majirani walikuwa wamejipanga kutazama. Mama Mwajuma naye alikuwepo, mlangoni kwake.

Dereva aliuliza hema washushie upande gani wa uani.

"Msishushe," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa jirani wa mwisho. "Posa haipo. Nimeivunja mimi."

Alinitazama, akazitazama nywele, akatazama mawingu. Akawaambia vijana wafunge kamba.

Wamegeuza gari.